Maji ya nyumbani Unguja na Pemba: kila ndoo ifanye kazi mbili

Visiwa vyetu havina ziwa, wala mto mkubwa wa kujengea bwawa. Karibu maji yote tunayotumia majumbani yanatoka chini ya ardhi: visima virefu, chemchemi kama zile za Mtoni na Bububu, na huko maweni mapango yaliyokuwa yakinywesha vijiji vizima kabla ya mifereji kufika. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Wakati ule mji ulikuwa mdogo. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba, na kinachokirudishia kisima ni kilekile cha zamani, yaani mvua ya masika na ya vuli.

Mwongozo huu hautakwambia uoge mara chache au ufue mara moja kwa mwezi. Joto la Kaskazi haliruhusu, na uchafu si akiba. Ninachoshikilia ni jambo moja: nyumba ya kisiwani ina maji ya namna nyingi, na hasara kubwa hutokea pale tunapotumia maji mazuri kwa kazi isiyoyahitaji, kisha tukayamwaga yangali na kazi ya pili ndani yake.

Anza kwa kupima

Chukua chaki, andika ukutani karibu na pipa: kuoga, choo, kufua, kukosha vyombo, kupika, udhu, bustani. Kila anayechota ndoo apige mstari mahala pake. Fanyeni hivyo kwa wiki moja, watoto wakiwemo, maana wao ndio watakaokumbusha wakubwa. Nyumba nyingi zitakuta kuoga na choo ndivyo vinavyoongoza, kufua kunafuata, na jikoni ambako mama hugombeza kila siku kunachukua kidogo tu. Hapo ndipo utajua pa kuanzia. Kuhangaika na maji ya kukoshea mchele huku choo kinavuja usiku kucha ni kuhangaika bure.

Kama maji yako yanapita kwenye tangi la plastiki na huoni ndani, tafuta ufito mnyoofu, utumbukize wima mpaka chini, uangalie umelowa hadi wapi. Tia alama ya usiku na alama ya Alfajiri. Wenye mita ya maji kazi yao ni nyepesi zaidi: fungeni kila kitu kabla ya kulala, soma namba, soma tena kabla mtu hajagusa mfereji. Ikiwa kiwango kimeshuka au namba imesogea na hakuna aliyeamka, nyumba inavuja. Mita hupimwa hivi usiku ambao maji yapo kwenye bomba; kukiwa na mgao haitasema kitu.

Panga maji kwa daraja

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haihitaji fundi. Hesabu maji uliyonayo. Pengine una ya mfereji, una ya kisima yenye chumvi kidogo, una ya mvua miezi ya masika, na unanunua ya boza yakikatika. Sasa yape kazi.

Ya mfereji yaliyo safi yawe ya kunywa (baada ya kuchemshwa), kupikia na kukoshea matunda. Ya mvua ni ya kufulia, na hapa kuna sababu ambayo bibi zetu waliijua vizuri. Maji yanayopita kwenye mawe ya matumbawe huyeyusha chokaa njiani, ndiyo maana birika la chai linaota gamba jeupe ndani na sabuni inakataa kutoa povu. Ukitumia maji hayo kufulia unatia sabuni zaidi, na sabuni ikizidi unasuza mara tatu au nne. Maji ya mvua hayana chokaa. Sabuni kidogo inafua, masuzo mawili yanatosha. Ya kisima yenye chumvi yapeleke chooni na kwenye kupiga deki. Yaliyokwisha kutumika mara moja yana daraja lake pia, nitayafikia.

Tofautisha vyombo kwa rangi ili mtu asikosee gizani: tuseme madumu ya njano kwa maji ya kunywa na kupikia, ya buluu kwa kazi nyingine. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya gari lisiingie kwenye hesabu hii kabisa.

Wenye kiyoyozi wana maji ya tano ambayo hawayaoni. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kile kimpira kinachoning'inia nje ya dirisha kinatoa lita kadhaa kwa siku. Weka ndoo chini yake. Hayafai kunywa, lakini hayana chokaa, kwa hiyo ni mazuri kwa pasi ya mvuke na kupangusia vioo.

Yanayotona na yanayofurika

Weka kopo chini ya mfereji unaotona, liache saa moja, pima. Ukipata nusu lita, hiyo ni lita 12 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 4,300. Mara nyingi kilichoharibika ni kile kimpira kidogo cha ndani ya koki, cha bei ndogo, na kukibadilisha hakuchukui muda: funga koki kubwa ya nyumba, fungua kichwa cha mfereji kwa spana, toa kimpira, nenda nacho dukani ulinganishe, rudisha. Ukiukaza mfereji kwa nguvu kila siku ili usitone, unakimaliza kimpira haraka zaidi.

Choo cha tangi huvuja kimyakimya. Chukua rangi ya biriani, kijiko kidogo, ikoroge kwenye tangi la choo wakati wa kulala, na watu wasikitumie mpaka asubuhi. Ukikuta bakuli limegeuka rangi, kizibo cha ndani hakizibi tena. Badilisha kizibo, au kikwangue ukoga wa chokaa ulioganda chini yake. Kwa maji yetu mara nyingi ni ukoga tu.

Hasara ya tatu ni ya usiku. Mitaa mingi maji huja saa nane au saa tisa ya usiku, na watu wameacha mfereji wazi juu ya pipa ili yakija yajijaze. Yakija wamelala, pipa linajaa, na maji yanakwenda uani mpaka adhana. Dawa yake ni boya, koki ile yenye mpira wa plastiki unaoelea na kufunga maji yenyewe pipa likijaa. Fundi yeyote wa mifereji anaiweka, kwenye tangi na hata kwenye pipa. Kama huwezi kwa sasa, pipa la kwanza lifurikie la pili: toboa tundu karibu na ukingo wa juu, unganisha kipande cha bomba, na kinachozidi kitateremkia kwa mwenzake. Ukiwa na mota ya kupandisha maji juu ya paa, tangi likifurika unapoteza maji na umeme wa Tukuza (ule wa kulipia kabla) kwa pamoja.

Msalani

Kuoga kwa ndoo na kata ndiko kuoga kwa akiba, na tunakujua tangu utotoni. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika, na dakika tano si nyingi kwa mtu anayeimba. Usijaze ndoo kwa mazoea, hata hivyo. Mtu mzima anaoga vizuri kwa lita 12: jirowanishe kwa kata mbili au tatu, acha kumwaga wakati wa sabuni, kisha jisuze kuanzia kichwani. Nyumba ya watu sita wanaooga mara mbili kwa siku, wakitoka lita 20 kuja 12, inaokoa lita 96 kila siku, karibu madumu matano. Anayependa bomba la mvua alifunge wakati wa kujipaka sabuni, na vile vitundu vilivyoziba chokaa avipanguse kwa ndimu au siki. Vikiziba maji hutawanyika ovyo na mtu hukaa zaidi.

Wenye kusimama juu ya beseni la plastiki wakati wa kuoga huyapata maji ya kusukumia choo bila gharama. Beseni liwe pana na lisiteleze, na wazee wasifanye hivyo.

Udhu ni mara tano kwa siku, na kwa kila mtu ndani ya nyumba, kwa hiyo una uzito wake kwenye hesabu. Weka beseni chini ya mfereji utawadhe kama kawaida yako, kisha pima yaliyokusanyika. Halafu linganisha na mapokeo ya Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga josho kwa pishi moja (yaani vibaba vinne) hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni chini ya lita moja. Sisemi kila mtu atafika hapo leo, lakini birika lenye mdomo mwembamba, au kopo la lita moja na nusu, linamtosha mtu na linabaki. Mfereji ukiwa lazima, kama msikitini, fungua uzi mwembamba tu na uufunge wakati wa kupangusa kichwa. Maji ya udhu hayana sabuni. Ukiyapokea kwenye beseni yanakwenda moja kwa moja kwenye mrehani na asumini.

Kuhusu choo, tangi la zamani hubeba lita tisa au zaidi kwa mvuto mmoja, na mapya hubeba sita au chini. Ukiwa na la zamani, chukua chupa ya lita moja, itie mchanga kidogo na maji, ifunge, iweke ndani ya tangi mbali na boya. Kila ukivuta umeokoa lita moja. Usiweke tofali, linamomonyoka na kuharibu kizibo. Kwa haja ndogo kopo la lita mbili au tatu linatosha. Wanaosukuma kwa ndoo wamwage kwa mkupuo mmoja kutoka juu kidogo. Lita tano za mkupuo zinafanya kazi kuliko nane zinazomwagwa taratibu. Usipunguze mpaka uchafu ukwame kwenye bomba la karo, kwani kuzibua kutakula maji yote uliyoyaweka.

Mahali pa kutobania kabisa ni kunawa mikono baada ya choo na kabla ya kula. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hatujakisahau. Dumu dogo lenye mfereji wa plastiki mlangoni mwa choo, na sabuni ya kipande pembeni, linanawisha mtu kwa kikombe kimoja cha maji.

Kufua

Utaratibu ni wa kushusha: kanzu na shuka nyeupe kwanza, kisha madera na khanga za rangi ambazo hazichuji, mwisho nguo za kazi, matambara na mazulia ya mlangoni. Maji ya sabuni ni yaleyale, yanateremka daraja. Masuzo ya pili ya nguo nyeupe huwa bado safi, yawe masuzo ya kwanza ya nguo za rangi. Loweka usiku kucha na usiwe mchoyo wa muda. Doa lililolowekwa halihitaji kubadilishiwa maji mara tatu.

Ukinunua mashine, zile za mlango wa mbele hutumia maji machache mno kuliko za kufunguliwa juu. Zile za matangi mawili zinazopendwa sana huku zina faida yake: maji hayakimbii mpaka uyaruhusu, kwa hiyo utaratibu uleule wa kushusha unawezekana. Mpira wake wa kutolea maji utie kwenye pipa la chooni badala ya kuuachia uani.

Jikoni

Hapa ni pa kupita haraka. Kosha vyombo kwa mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuza, na mfereji ukae umefungwa. Sufuria ya wali yenye ukoko itie maji kidogo ifunikwe ikiwa bado ya moto. Baada ya saa moja ukoko unatoka wenyewe, na makumbi ya nazi yanamaliza kazi. Glasi na vikombe kwanza, vyombo vya samaki na mafuta mwisho. Muhogo na mboga zikoshwe ndani ya bakuli. Maji ya mchele na ya mboga hayana sabuni, yapeleke kwenye mchicha. Maji ya samaki yanakwenda shinani mwa mgomba, umbali kidogo na mlango, kwa ajili ya nzi na paka.

Kuvuna mvua

Unguja hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na Pemba zaidi ya hapo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pima nyumba kwa upana wake chini, wala usipande juu ya paa. Bati linalofunika mita 50 za mraba, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, linaweza kukupa lita 64,000 kwa mwaka. Mvua moja ya milimita 20 inakupa lita 800. Huoni sababu ya kununua boza mwezi wa Aprili.

Huhitaji kuzungusha milizamu nyumba nzima mwanzoni. Anza na upande mmoja wa paa ulio karibu na pipa. Mlizamu ushuke kidogo kuelekea pipa, kiasi cha sentimita moja kwa kila mita. Mwisho wa bomba la kushushia weka kipande unachoweza kukigeuza: mvua ikianza kigeuze nje kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ili vumbi, majani na kinyesi cha kunguru viondoke, halafu kirudishe pipani. Baada ya Kaskazi ndefu isiyo na mvua, acha mvua ya kwanza yote ipite. Juu ya pipa funga wavu wa chandarua. Paa la makuti maji yake yana rangi na harufu, yaachie bustani. Bati lililopakwa rangi karibuni lisitumike kwa maji ya kupikia, na maji ya mvua yoyote yachemshwe kabla ya kunywewa.

Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hayafi kwa kukauka. Kufunika peke yake hakutoshi. Kila wiki sugua kuta za mapipa kwa brashi unapoyajaza upya.

Wenye kisima chao

Huku Paje, Jambiani na Nungwi hili ndilo jambo zito. Maji matamu chini ya kisiwa yameelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wana kanuni yao: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Geuza hesabu hiyo uone hatari: ukiteremsha kiwango kwa mita moja tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita nyingi kukufuata.

Kwa hiyo kisima kikianza kuonja chumvi, usikichimbe zaidi. Ukichimba unaifuata chumvi. Punguza muda wa mota, piga dakika chache asubuhi na chache jioni, ukiacha kisima kipumzike katikati. Onja maji mwishoni mwa Kaskazi kila mwaka, hapo ndipo kisima kinasema kweli. Karo liwe mbali na kisima kadiri kiwanja kinavyoruhusu, maana jiwe la matumbawe lina mianya na halichuji uchafu kama udongo. Na kama jirani yako ni hoteli yenye bwawa la kuogelea na bustani ya nyasi, akiba yako ya ndoo mbili haitakiokoa kisima cha kijiji. Hilo ni la kupelekwa kwa sheha, kwa maandishi, mkiwa wengi.

Uani

Mwagilia baada ya Alasiri kwenda Magharibi, kwa kopo, shinani. Mpira wa maji unaoachwa kwenye mchicha wakati wa adhuhuri unalilisha jua. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi ya nazi. Maji ya sabuni ya kufulia mgomba na mpapai huyavumilia, ukiyabadilisha mahala kila mara. Mboga zinazoliwa mbichi usizipe. Maji yenye dawa ya kuondoa madoa yaende chooni tu.

Ukisafiri

Watu huenda shamba kwa sikukuu, au huvuka kwenda Pemba wiki nzima, wameacha nyumba wazi kwa maji. Funga koki kubwa inayoingia ndani. Zima mota kwenye swichi ya ukutani, kwa sababu boya likikwama mota haina wa kuizuia. Hakikisha hakuna mfereji ulioachwa wazi tangu maji yalipokatika. Mwaga maji yaliyotuama kwenye sahani za vyungu vya maua, funika mapipa, na mwachie jirani ufunguo pamoja na ruhusa ya kuchota.